Kitabu Safi na Mtoto Aliyetangulia Kusoma: Habari za Vitabu vya Vijana Katika Dar es Salaam

Neno safi, litajwapo pamoja na kitabu, lina maana mbili ambazo wenye kulitumia hawakuzipambanua daima. Kitabu chaweza kuwa safi kwa lugha yake, yaani hakina makosa ya sarufi wala maneno ya vijiweni. Na chaweza kuwa safi kwa habari zake, yaani hakina jambo ambalo mzazi angeona haya kumsikia mwanawe akilisoma kwa sauti. Katika historia ya vitabu vya Kiswahili mjini Dar es Salaam maana ya kwanza ndiyo iliyotangulia kulindwa kwa kanuni na kwa kamati. Maana ya pili ilikuja kushughulikiwa baadaye, na aghalabu kwa marufuku kuliko kwa kuchapisha. Katikati ya mambo hayo mawili alisahauliwa msomaji mmoja: mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili aliyewatangulia wenziwe, ambaye vitabu vya darasa lake amekwisha vimaliza, na vya wakubwa aweza kuvisoma, ila si vyote vimfaavyo.

Katika elimu ya kale ya pwani msomaji wa namna hii hakuwa tatizo kubwa. Chuoni mtoto hakupangwa kwa umri wake. Alianza na herufi, akaingia juzuu ya Amma, akaendelea mpaka akahitimu, na aliyekuwa mwepesi alihitimu mapema bila ya kungojezwa wenzake. Tenzi nazo zilisomwa kwa sauti mbele ya wakubwa na wadogo, kila mmoja akachukua kadiri ya akili yake. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake karibu na mwaka wa 1858, alimtungia binti yake aliyekuwa angali kijana, na ndani yake alimweleza mambo ya ndoa na nyumba waziwazi, kwa heshima, bila ya kumficha wala kumdhalilisha. Hapo msomaji alijulikana kwa jina na kwa umri kabla kalamu haijashika wino. Vitabu vya chapa vilivyofuata havikuweza kuwa na bahati hiyo, maana kitabu cha chapa huandikiwa watu ambao mwandishi hawajui.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokaa katika jengo lililojengwa na Wajerumani. Jengo hilo lilifanywa soko mwaka wa 1923, na mwaka huohuo Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo. Kuandamana kwa mambo hayo ni sadfa tu, lakini kwa historia ya kusoma ni sadfa yenye faida. Mitaa ile ya Waafrika, iliyopangwa kwa mistari iliyonyoka kati ya Mnazi Mmoja na bonde la Msimbazi, ilijaa watu waliotoka makabila mengi wakakutana katika Kiswahili, na gazeti likawakuta hapo. Katika miaka ya 1930 Erica Fiah, Mganda mwenye duka, alianza kuchapisha gazeti lake la Kwetu, mwaka wa 1937. Kwa hiyo mtoto wa Kariakoo aliyejua kusoma hakukosa karatasi yenye maandishi. Alichokosa ni kitabu kirefu kilichotungwa kwa ajili yake.

Upungufu huo ndio ambao Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa tarehe 1 Januari 1930, ilitaka kuuziba kwa upande wake. Makao yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam, na katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yake kubwa ilikuwa kusawazisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na kwa sababu hiyo vitabu vya shule vilipelekwa kwake visomwe, virekebishwe na kupewa idhini. Usafi uliopimwa humo ulikuwa kwanza wa tahajia, wa ngeli na wa maneno. Wajumbe wengi wa miaka ya mwanzo walikuwa Wazungu, na lugha waliyoidhinisha mara nyingine ilikuwa sahihi kuliko ilivyokuwa tamu. Lawama hii ilisemwa na Waswahili wenyewe na haikuwa ya uonevu.

Hata hivyo Johnson alifanya jambo ambalo walimu wengi waliomfuata hawakulifanya. Alimpa kijana vitabu virefu. Kati ya mwaka wa 1929 na katikati ya miaka ya 1930 zilitoka tafsiri zake, nyingine akishirikiana na E. W. Brenn: Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani, Alfu Lela Ulela, Safari za Gulliver. Vizazi viwili vya wanafunzi wa Tanganyika na Unguja vilikua navyo. Basi mtu akivichungua vitabu hivi kwa jicho la mzazi wa leo atastaajabu. Katika Kisiwa chenye Hazina watu wanauana kwa tamaa ya fedha na kulewa mvinyo mkali. Katika Mashimo ya Mfalme Sulemani damu inamwagika kwa majeshi, na Mwafrika anatazamwa kwa macho ya Mwingereza wa karne ya 19. Vilikuwa safi kwa kipimo cha siku zile, kwa kuwa havikutaja mambo ya mwanamume na mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanuni. Dharau iliyokuwamo haikuhesabiwa kuwa uchafu.

Mfano wa kinyume ni Abunuwasi. Abu Nuwas wa Baghdad, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, alikuwa malenga wa mvinyo na wa mapenzi, na mashairi yake mengi hayasomwi mbele ya watoto katika lugha yoyote. Alipofika pwani ya Afrika katika vinywa vya wasimulizi alikwisha geuka kuwa mjanja anayewashinda wenye nguvu kwa akili, rafiki wa kila mtoto. Kamati haikuhusika na usafishaji huo. Ulifanywa na bibi na wajukuu kwa miaka mingi, na hadithi hazikupoteza ukali wake. Zilibadilishiwa shabaha tu. Shaaban Robert alifuata njia iliyo karibu na hiyo katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka wa 1952. Asili yake ni kisa cha Alfu Lela Ulela cha mtu na ndugu zake wawili waliogeuzwa wanyama, lakini lugha ni yake mwenyewe, yenye sentensi za mizani na maneno ya kumlazimisha mtoto aulize. Hapana shaka kitabu kile kidogo ni miongoni mwa vilivyomfaa zaidi msomaji mwepesi, maana mtoto hukifuata kwa ajili ya kisa, na mkubwa hukirudia kwa ajili ya maneno.

Mwaka wa 1948 ilianzishwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, makao yake Nairobi, na mashindano yake ya uandishi yakaleta jambo jipya. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka wa 1960. Bwana Msa na kiko chake huchunguza mauaji, lakini furaha ya kitabu haimo katika kifo, imo katika hoja. Kiunguja chake ni kizito kuliko cha vitabu vya shule, na kijana wa Kariakoo aliyekuwa amezoea Kiswahili cha mjini alipaswa kukisoma polepole. Mwaka wa 1965 Idara hiyohiyo ilitoa Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, ambacho kiliuhamishia upelelezi Dar es Salaam, na kwa lugha nyepesi ya mjini. Hapo kijana aliiona mitaa yake mwenyewe ndani ya kitabu. Mlango uliofunguliwa na Katalambulla uliwapitisha wengi, wazuri na wabaya.

Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Rais Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, mahali ambapo mtoto wa Kariakoo aliweza kupafika kwa miguu kwa kupita Mnazi Mmoja. Ilikuwa na sehemu ya watoto na sehemu ya wakubwa, na maktaba nyingi za umma hupanga hivyo. Ila rafu za watoto zilijaa vitabu vya Kiingereza, kwa sababu vya Kiswahili vilikuwa vichache na vingi vyake vilikuwa vijitabu vya kurasa thelathini au arobaini. Mtoto aliyevimaliza alikuwa na safari ya hatua chache tu kufika upande wa wakubwa, na kwa lugha safari hiyo ilikuwa ndefu mno.

Sababu kubwa haikuwa ya wakutubi. Tangu mwaka wa 1968 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Mtoto alifika darasa la saba akiwa na Kiswahili kilichokomaa kiasi cha kuanza kusoma riwaya, na mwaka uliofuata akaamriwa kuanza upya na lugha nyingine. Wachapaji wakafuata fedha, kama ilivyo kawaida yao: vitabu vya kiada kwa darasa la kwanza hadi la saba, kisha riwaya na tamthilia za mtihani kwa kidato. Kati ya hapo hapakuwa na mnunuzi mwenye hakika, na pasipo na mnunuzi mwenye hakika hapana kitabu.

Pengo hilo lilijazwa na njia ya watu. Katika miaka ya 1970 na 1980 riwaya za mapenzi na za upelelezi zilitandazwa kando ya barabara na katika vituo vya mabasi, zikauzwa kwa bei ambayo kijana aliweza kuilipa, na nakala moja ikapita mikono mingi. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka wa 1974, ni mfano mzuri wa ugumu wa kuhukumu. Mpelelezi wake, Willy Gamba, anatafuta nyaraka za siri za ukombozi wa Afrika, na kijana aliyekisoma alijifunza jambo la kweli juu ya Dar es Salaam ya siku zile. Lakini baa na wanawake wamo pia, na mwandishi hakuwaweka kwa ajili ya kumfundisha mtu. Mwaka wa 1976 serikali ilivipiga marufuku vitabu vya David Maillu wa Kenya. Marufuku hiyo ilieleweka na kila mtu. Iliyokuwa ngumu kueleweka ni ile ya Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka wa 1971 na kuzuiwa shuleni. Kitabu hicho kinamhusu msichana aliyelelewa kwa ukali na kwa kufichwa mambo, akaangamia alipopata uhuru asioujua. Kilizuiwa kwa ajili ya kuwalinda wasichana walewale ambao kiliandikwa kuwatahadharisha. Baadaye kiliruhusiwa, kikafundishwa darasani. Ni kweli kwamba si kitabu cha mtoto wa miaka kumi. Ni cha msichana wa kumi na sita, naye ndiye aliyenyimwa.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya uhaba wa karatasi na wa fedha, na habari zake zaweza kupitwa upesi. Mwaka wa 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao ulinunua sehemu ya nakala za kila kitabu ulichokubali na kuzigawa shuleni, ukampa mchapaji yule mnunuzi mwenye hakika aliyekosekana. Wakati huohuo M. M. Mulokozi, mtafiti wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, aliandika riwaya zake tatu za vita vya Wahehe na Wajerumani: Ngome ya Mianzi, Ngoma ya Mianzi na Moto wa Mianzi, kati ya mwaka wa 1990 na 1996. Vita vimo, na vifo vimo, wala mwandishi hakumdanganya kijana kwamba Kalenga ilianguka bila ya maumivu. Ni jambo la kutazamwa kwamba kazi hii ilitoka katika taasisi iliyorithi shughuli za Kamati ya mwaka wa 1930. Kazi iliyoanzwa kwa kusahihisha tafsiri za Haggard ilifika hapo kwa mwendo wa miaka sitini.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Adolf Mkenda, alitangaza vitabu 16 visivyoruhusiwa tena mashuleni, na miongoni mwake mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney, kwa sababu ya kupingana na mila na malezi ya nchi. Vitabu hivyo vya Kinney ni vya Kiingereza na ni vyepesi, na waliovipenda walikuwa watoto wa shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, yaani watoto wale ambao wazazi wao wa mjini hutoa fedha ili wasome sana. Wazazi waliombwa wakague mikoba ya watoto wao. Orodha iliyotolewa ilikuwa ya vitabu vya kuondolewa, na mzazi aliyeufungua mkoba na kukitoa kitabu alibaki nacho mkononi, mtoto akimngoja ampe kingine.