Saa ya Leseni na Mwezi wa Ziwani: Udhibiti wa Muda wa Dansi na Ngoma Mwamgongo

Historia ya udhibiti wa burudani za usiku nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuitazama miji, hususani Dar es Salaam, ambako mshahara, Jumamosi na ukumbi wa dansi vilikwenda pamoja. Sehemu hii inaupeleka mjadala huo Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, mkoani Kigoma, ambacho kwa muda mrefu kimefikiwa kwa boti na mitumbwi. Hoja yangu ni kwamba kanuni za muda zilizofika huko zilibeba kalenda isiyo ya ziwa. Hivyo haitoshi kuuliza kama zilitiiwa au zilivunjwa.

Kalenda ya ziwa huongozwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Kabla ya karabai kuenea, wavuvi waliwasha moto wa kuni mtumbwini na kuwachota kwa wavu wa lusenga. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hupoteza nguvu, vyombo huvutwa mwaloni, nyavu hushonwa, na wanaume waliokuwa wakilala mchana huwapo nyumbani usiku, fedha ya mauzo ikiwa mkononi. Hizo ndizo siku za starehe, ziwe Jumanne au Alhamisi. Wanawake wanaoanika dagaa mchangani nao hupumzika siku hizo. Katika giza, kinyume chake, huwapokea wavuvi alfajiri, na muziki wa usiku huwaibia usingizi wao mfupi. Saa moja ya kufunga, kwa hiyo, huwa kali mno wakati wa mbalamwezi na legevu mno wakati wa giza.

Sheria zenyewe zilianzia kwenye pombe, si kwenye dansi. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri kuhusu upikaji na unywaji wa pombe, kamari na ubebaji wa silaha. Ngoma iliguswa kupitia kilichonyweka pembeni yake. Mantiki hiyo haikuondoka pamoja na machifu. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 huiruhusu baa kuuza siku za kazi kuanzia saa 10 jioni hadi saa 5 usiku, na mwisho wa juma hadi saa 6 usiku. Saa hiyo ya nyongeza humdhania mnywaji kuwa mtu wa ofisini. Mvuvi anayerejea kutoka ziwani alfajiri ya Jumapili hapati chochote ndani yake.

Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa ilifungua mlango mwingine: halmashauri ya kijiji hupendekeza sheria ndogo, mkutano wa kijiji huijadili, na halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Kijiji hakiwezi kurefusha muda wa leseni ya vileo, lakini kinaweza kupanga ngoma ichezwe wapi na inyamaze lini. Hata hivyo, mkutano ukiitishwa mchana wakati wa giza, wavuvi wamelala. Siku ya mkutano huamua nani anaandika saa. Na Jumanne ya mbalamwezi, baa ikifungwa saa 5 huku ngoma ya harusi ikiendelea uani jirani, askari aliyefika kwa boti hana cha kufunga kwa sheria ya 1968 isipokuwa kaunta ya bia.