Bomba lililokuwa waya

Kwa nini fundi wa stima hufunga waya wa kijani na njano kwenye bomba la maji au la gesi? Nimelifuatilia swali hilo hadi Uingereza, kwenye kanuni za nyaya zilizoanza mwaka 1882.

Zamani bomba la maji la chuma, kwa kuwa limezikwa, ndilo lilikuwa waya wa ardhi wa nyumba nyingi. Bure kabisa! Kisha plastiki ikaingia. Kipande kimoja kikibadilishwa barabarani, ardhi imekatika na taa bado zinawaka. Hakuna anayejua mpaka kifaa kiharibike na mtu ashike mfereji. (Sisi wa programu tunaujua ugonjwa huu: unategemea kitu cha mwenzako, naye anakibadilisha bila kukwambia.)

Toleo la 15 la kanuni hizo, mwaka 1981, lilikaza kamba: mabomba ya chuma yanayoingia nyumbani yaunganishwe na ardhi ya nyumba. Si ili bomba lipeleke stima ardhini, bali ukishika bomba na jiko kwa pamoja, volti zikaribiane. Na bomba linaloingia kwa kipande cha plastiki? Toleo la 18, la 2018, linasema si lazima lifungwe.