Shajara za Lou Sullivan na Suala la Karatasi

Utanzu wa shajara tumeupa kisogo. Tawasifu tunazo: Tippu Tip alisimulia maisha yake, Shaaban Robert akatuachia Maisha Yangu, na darasani tunazichambua fani na maudhui mpaka wino unakwisha. Lakini daftari la mtu anayeandika usiku bila kujua kesho italeta nini, hilo hatujui tuliweke wapi. Ndiyo maana nawaletea We Both Laughed in Pleasure, kitabu kilichotoka Marekani mwaka 2019, ambacho Ellis Martin na Zach Ozma walikiteua kutoka kwenye madaftari ya Lou Sullivan.

Sullivan alizaliwa mwaka 1951 huko Milwaukee, katika familia ya Kikatoliki, akalelewa kama msichana. Alianza shajara akiwa bado mtoto, akaendelea nayo hadi miaka ya mwisho ya maisha yake. Alifariki kwa UKIMWI Machi 1991, hajatimiza miaka 40. Alijijua kuwa mwanamume, tena mwanamume anayewapenda wanaume, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Madaktari wa enzi hizo walikuwa na kipimo chao: anayetaka kuishi kama mwanamume sharti awapende wanawake. Mwaka 1980 kliniki ya Stanford ilimkatalia. Ukisoma jalada la kliniki peke yake, utamwona mtu aliyefeli mtihani. Ukisoma shajara, utamwona kijana mpenzi wa Beatles, anayehangaikia nguo, anayecheka, anayelilia mpenzi, halafu anakaa chini kupigania kipimo kile kibadilishwe.

Hivi, mwanahistoria amwamini nani? Mimi nasema shajara, ila kwa masharti. Kwanza, hayo ni mateuzi. Wahariri wameupa utamu wa maisha nafasi kubwa, na sina ugomvi nao, kwani msomaji aliyezoea kuona watu wa namna hii wakiandikwa kama wagonjwa au mashahidi wa mateso anahitaji kushtuliwa. Lakini kinachoachwa nje nacho ni historia. Bahati nzuri madaftari yenyewe yako San Francisco, kwenye hifadhi ya GLBT Historical Society, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1985 ambayo Sullivan alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Alijua anachokifanya. Mwaka 1990 alichapisha wasifu wa Jack Bee Garland, mtu aliyezaliwa mwanamke na kuishi kama mwanamume katika jiji hilohilo, na kazi hiyo ilimlazimu kupekua magazeti ya California ya miaka ya 1890. Aliyekwisha kutafuta maisha ya mtu kwenye udaku wa magazeti hawezi kuchezea madaftari yake mwenyewe.

Niseme kidogo juu ya lugha. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague kiwakilishi cha kike au cha kiume katika kila sentensi, na watu wamepigana sana juu ya neno hilo moja. Sisi tunasema "alikwenda", basi. Hata Kinyambo cha kwetu Karagwe ni hivyohivyo. Lakini tusijisifu mapema, jamani: tunachokificha kwenye kitenzi tunakidai kwenye undugu. Shangazi, mjomba, kaka, dada, hapo hakuna pa kujificha. Kwetu Songambele ungeulizwa hilo kabla hujakaribishwa kiti.

Afrika Mashariki tunacho kitabu cha jirani. Mwaka 1997 Fountain Publishers wa Kampala walichapa From Juliet to Julius cha Julius Kaggwa, Mganda aliyezaliwa huntha, akalelewa kama msichana, kisha akaishi kama mwanamume. Tusichanganye mambo: uhuntha ni suala la maumbile, na Sullivan hakuwa huntha. Hata utanzu ni tofauti. Kaggwa anaandika tawasifu, yaani anasimama mwisho wa njia na kutueleza alivyofika. Mwandishi wa shajara hajui hata kama atafika. Mmoja anajieleza kwetu, mwingine hakutuomba kibali. Kwangu mimi hilo ndilo linaloipa shajara uzito, ndilo pia linaloifanya iwe ya hatari.

Maana daftari linahitaji nyumba. Julai 2005 mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliingia nyumbani kwa mwanaharakati Victor Mukasa, Uganda, bila hati yoyote ya upekuzi, akachukua nyaraka, na mgeni aliyekuwamo, Yvonne Oyoo, akakamatwa. Desemba 2008 Jaji Stella Arach-Amoko wa Mahakama Kuu aliamua kuwa haki zao zilivunjwa, akaamuru walipwe fidia. Hapa Tanzania kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha, kwa kile inachokiita kosa kinyume cha maumbile. Tunapolalamika kwamba fasihi yetu haina shajara za aina hii, tuanze kwa kuuliza ni droo gani ingezihifadhi.