Kibwagizo Kinachogeuka: Wimbo wa Thomas Kingo wa Kuiaga Dunia

Mwaka 1681 Thomas Kingo, askofu wa Kilutheri wa kisiwa cha Fyn nchini Denmark, alichapisha sehemu ya pili ya mkusanyo wake wa nyimbo za ibada, Aandelige Siunge-Koor, ambao sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1674 alipokuwa angali mchungaji wa Slangerup, mji aliozaliwa. Humo umo wimbo wa kuiaga dunia ambao Wadenmark wanauimba hadi leo, na ambao nguvu yake imo katika umbo kuliko katika wazo, kwani wazo lenyewe, kwamba heshima na mali ni ubatili, lilikwisha kusemwa na Mhubiri katika Biblia na kurudiwa na washairi wengi wa Ulaya wa karne ile.

Kila ubeti una mishororo saba. Wa kwanza ni mfupi, wenye mizani 5; wa pili na wa tano ina mizani 11 kila mmoja, na wa tatu na wa nne mizani 12; miwili ya mwisho ni kibwagizo, yaani maneno yaleyale yakitamkwa mara mbili, tena kwa mizani 5. Hata hivyo, mizani peke yake haitoshi, kwa sababu ushairi wa Kidenmaki hupimwa pia kwa mkazo, na hapa silabi moja nzito hufuatwa na mbili nyepesi, hata wimbo ukawa na mwendo wa kuyumba kama wa ngoma, jambo lisilotarajiwa katika maombolezo. Vina hufungana viwili viwili, isipokuwa mshororo wa tano, ambao hutangulia kutoa sauti ya kibwagizo, hivyo msikilizaji hulisikia neno la ubatili likija kabla halijafika.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika mgeuko. Kingo, akiisha kuvikataa vyeo, dhahabu, urafiki na anasa, anakiacha kibwagizo cha ubatili na kukiweka kingine kinachotaja kifua cha Ibrahimu, pumziko la Lazaro katika Injili ya Luka. Kibwagizo kipya kina mizani zilezile 5 na mikazo mahali palepale, kwa hiyo waimbaji hawabadilishi hata noti moja. Kinachobadilika ni vina vya mshororo wa tano, pamoja na mambo yenyewe, kwani utajiri na heshima vilivyokataliwa duniani vinarudi sasa kama mali ya mbinguni, ambayo mwizi hawezi kuiiba.