Dawa zinazobadilisha "chakula" cha moyo: je, mgonjwa atatembea zaidi?

Kuna mtu ambaye akitembea tambarare hana neno, lakini akishika kilima na ndoo kichwani, kifua kinambana. Akisimama dakika chache, kinaachia. Kesho yake ni vilevile, karibu mahali palepale. Madaktari huiita hali hiyo anjaina. Mara nyingi chanzo chake ni mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ambayo imekuwa myembamba kwa sababu ya mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake. Damu inayopita inautosha moyo ukiwa umetulia; ukidaiwa kazi zaidi, haiutoshi.

Dawa zilizozoeleka hufanya moja kati ya mambo mawili. Atenololi na ndugu zake hupunguza mapigo, moyo ufanye kazi kidogo. Amlodipini na kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi hutanua mishipa. Lakini lipo kundi dogo la dawa ambalo haligusi sana mapigo wala presha. Linagusa kile ambacho moyo unakichoma ili upate nguvu.

Moyo huchoma mafuta na sukari. Kwa mtu mwenye afya, zaidi ya nusu ya nguvu yake hutoka kwenye mafuta. Tatizo ni kwamba kwa kiasi kilekile cha nguvu, mafuta hudai oksijeni zaidi kuliko sukari, kama asilimia 10 hivi. Fikiria jiko ndani ya chumba chenye dirisha dogo. Kama huwezi kupanua dirisha, afadhali utumie kuni zisizotaka hewa nyingi.

Hivyo ndivyo inavyoelezwa kazi ya trimetazidini (kwenye boksi huandikwa trimetazidine), dawa iliyotengenezwa Ufaransa. Huzuia kimeng'enya kimoja kinachohusika na uchomaji wa mafuta, na moyo ukaegemea zaidi kwenye sukari. Tuseme wazi hapa, maana ni rahisi kuelewa vibaya: hii haina maana kwamba mgonjwa wa moyo aongeze sukari kwenye chai. Mabadiliko hayo yanafanyika ndani ya chembe za moyo, si kwenye sahani.

Je, mgonjwa anatembea zaidi? Hospitali hupima jambo hili kwa mashine ya kutembelea. Mkanda unazunguka chini ya miguu, na katika kipimo kinachotumika sana, kila baada ya dakika 3 mwendo na mwinuko huongezwa, huku waya za kifuani zikionyesha moyo unavyohangaika. Katika majaribio ya trimetazidini, wagonjwa walichukua muda mrefu zaidi kabla ya moyo kuonyesha kukosa oksijeni, na idadi ya mara walizobanwa kwa wiki ilipungua. Lakini nyongeza hiyo kwa wastani haifiki hata dakika moja.

Ranolazini ina hadithi inayofanana. Katika utafiti wa CARISA uliochapishwa 2004, wagonjwa 823 waliokuwa tayari wanatumia dawa nyingine walipimwa. Waliopewa ranolazini walitembea kama sekunde 24 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwanzoni ilidhaniwa nayo inabadilisha uchomaji wa mafuta. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kazi yake kubwa ni kupunguza chumvi ya sodiamu inayoingia kwenye chembe za moyo.

Sekunde 24 ni kidogo. Hata hivyo, kwa mtu anayesimama mara tatu kabla ya kufika kisimani, kusimama mara mbili ni jambo. Kwa maoni yetu, kosa ni kuahidiwa zaidi ya hapo. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti wa ATPCI: wagonjwa zaidi ya 6,000 waliozibuliwa mishipa ya moyo walifuatiliwa karibu miaka minne, na trimetazidini haikupunguza vifo wala kurudi kwa maumivu.

Huko Ulaya, tangu 2012, dawa hii inaruhusiwa kama nyongeza tu, pale dawa za kwanza zinaposhindwa kutosha au mgonjwa hazimfai. Haipewi mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, mwenye kutetemeka mikono, wala ambaye figo zake zimechoka sana, kwani yenyewe inaweza kuleta mtetemeko na kupepesuka. Wanamichezo wamekatazwa kabisa kuitumia tangu 2015.

Anayetumia vidonge hivi asiache zile dawa za kwanza kwa sababu amepata kipya, wala asivitegemee wakati wa shambulio, kwani havifanyi kazi papo hapo. Maumivu yakija mtu akiwa amekaa, au yakipita dakika 10 baada ya kupumzika, au yakiambatana na jasho jembamba na kukosa pumzi, huo ni wakati wa kutafuta usafiri wa kwenda hospitali mara moja.