Fanani Mlangoni: Visa vya Kutisha, Karloff na Sisi wa Kiomboi

Darasani tumezoea kumwuliza fanani ana ujumbe gani. Kwa visa vya kutisha swali hilo halitufikishi mbali. Hebu tuulize: fanani mwenyewe amesimama wapi?

Chukua Thriller, mfululizo wa televisheni ulioonyeshwa Marekani kuanzia 1960 hadi 1962. Vipindi 67, kila kimoja na kisa chake na wahusika wake. Kisichobadilika ni mzee Boris Karloff, yule aliyeigiza kiumbe wa Frankenstein katika filamu ya 1931. Anajitokeza mwanzoni, anasema mawili matatu kwa upole, kisha anakuachia balaa lako. Mtindo huo televisheni iliurithi. Redio ya Marekani ilikuwa nao tangu 1941 katika Inner Sanctum, kipindi kilichofunguliwa kwa mlango unaolia kwa kukosa grisi na mzaha wa mtangazaji. Watu walipenda nini humo? Nadhani walipenda kushikwa mkono. Unaogopa kwa raha ukijua yupo wa kukurudisha.

Kiomboi hatukumngoja Karloff. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Lakini Redio Tanzania ilikuwa na Mama na Mwana, na Debora Mwenda akifanya kazi ileile: kisa kipya, sauti ileile. Na kabla ya redio, bibi na moto wake. Bibi yangu akifika pale zimwi linapobisha hodi hushusha sauti, nasi tunasogeleana. Akimaliza anatuamuru tukanawe miguu tulale. Kunawa miguu! Huo ndio mlango wa kutokea, na sijauona ukitajwa katika kitabu chochote cha nadharia nilichosoma.

Wapo wahakiki wanaodai eti visa hivi ni kasumba, vinafundisha watu kuamini uchawi. Siafikiani nao, na ushahidi wangu uko humuhumu mkoani. Katika miaka ya 1940, kwa majirani zetu Wanyaturu wa Singida, watu waliuawa kwa namna iliyofanana na kuraruliwa na simba. Ikasemwa ni watu-simba. Serikali ya kikoloni ikakamata, ikashtaki, wengine wakanyongwa. Kitisho gani kinashinda hicho? Lakini hakikuwa na fanani. Waliokisimulia ni polisi, mahakimu na waliofiwa, na hakuna kati yao aliyeweza kumwambia mtoto kwamba sasa kimekwisha, nenda kalale. Hadhira inaijua tofauti hiyo bila kufundishwa na mhakiki.

Siku moja nilimwuliza bibi, mwenye mazimwi ya kila aina, mbona hajawahi kutusimulia habari za watu-simba.

"Hiyo siyo hadithi, mjukuu wangu," akasema, akaendelea kupepeta mtama.