Kuongoza Si Kuswaga: Habari za Sekenke na Tabora

Wazee wetu, ndugu zetu, nanyi wanafunzi mlio shuleni, leo twataka kunena nanyi habari ya uongozi, yaani kazi ya kuwafikisha watu wengi katika shabaha moja. Hatutaanza na falme za mbali. Tutaanza na Sekenke, katika nchi ya Uniramba, mkoa wa Singida, mahali ambapo nchi ya juu hukatika ghafula na barabara ya kwenda Nzega huteremka mlima mkali mpaka mbuga ya Wembere. Madereva wa malori huujua mlima huo kwa hatari yake. Bali historia huijua Sekenke kwa dhahabu yake.

Dhahabu hiyo iligunduliwa mwaka 1907, zamani za utawala wa Wadachi, na mwaka 1909 mgodi ukaanza kutoa mali. Ndio uliokuwa mgodi wa kwanza wa dhahabu wa wakoloni katika nchi iitwayo leo Tanzania Bara. Watu wa Uniramba na wa nchi za jirani wakaja kuchimba, kubeba mawe na kukata kuni. Je, ni nini kilichowaleta? Tangu mwaka 1898 Serikali ya Wadachi ilitoza kodi ya nyumba, na mtu asiye na fedha ilimbidi aitafute. Kwa hiyo wako waliokuja kwa ajili ya kodi, na wako waliokuja kwa kutaka nguo na ng'ombe. Kila mmoja alikuwa na haja yake mwenyewe. Lakini shabaha ya mgodi wenyewe haikuwa yao, wala hawakuulizwa neno juu yake.

Mwaka 1914 ikaja vita kuu. Manowari za Waingereza zikaziba pwani, hata fedha haikuweza kuletwa tena kutoka Ulaya. Wadachi wakaona hawana budi kujitengenezea fedha yao wenyewe. Mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na huko, kwa mitambo ya karakana ya reli, zikapigwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja palikuwa na tai wa Kidachi, na upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Zilipigwa sarafu zaidi ya 16,000. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na Wadachi walikuwa wamekwisha kuondoka. Leo sarafu hizo zimehifadhiwa na watu wapendao vitu vya kale, tena zauzwa kwa bei kubwa. Lakini jina la mtu aliyelichimba jiwe halikuandikwa juu yake.

Hapa twataka msomaji atue kidogo na kufikiri. Wengi walifanya kazi mahali pamoja, kwa saa moja, kwa amri moja. Je, hawa walikuwa wakiongozwa? Sisi twasema sivyo. Watu wa Singida ni wafugaji, nao wanajua tofauti iliyopo. Mchungaji anayeswaga ng'ombe hukaa nyuma na fimbo. Ng'ombe hawajui waendako, na fimbo ikiondoka, kila mmoja hufuata majani yake. Lakini kiongozi hutangulia. Naye atanguliaye hawezi kumpiga mtu fimbo. Hana ila neno lake na mwendo wake, tena hana budi kugeuka mara kwa mara atazame kama watu bado wanamfuata.

Labda mtu atasema, 'Hayo yalikuwa ya wageni. Watawala wetu wa asili hawakuwa hivyo.' Basi na tumtazame Mirambo wa Unyamwezi, ambaye makao yake yalikuwa Urambo, upande wa magharibi wa Tabora. Mtu huyu alianza na utemi mdogo. Akajifunza mbinu za vita za Wangoni, akakusanya vijana walioitwa rugaruga, akaziunganisha nchi nyingi ndogo ndogo chini ya mkono wake. Toka mwaka 1871 mpaka 1875 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya biashara iendayo Ujiji. Wageni waliomwona walistaajabia akili yake, na mwaka 1876 Stanley alichanjiana naye udugu. Hatuwezi kumnyima sifa zake: alikuwa na shabaha, nayo ilikuwa kubwa, kuzitawala njia za biashara zisiwe mikononi mwa wageni. Lakini shabaha hiyo ilikaa kichwani mwake na katika ncha ya mkuki wake. Alipofariki tarehe 2 Desemba 1884, watemi aliowashinda wakaanza kujiondoa mmoja mmoja, na baada ya miaka michache dola yake ikasambaratika. Kama vile nyumba yenye nguzo moja: ni imara, naam, mpaka siku nguzo ianguke.

Sasa turudi Tabora, mji ule ule wa sarafu, katika mwezi wa Januari mwaka 1958. Chama cha TANU, kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954, kilifanya hapo mkutano wake mkuu. Jambo lililowakutanisha lilikuwa gumu. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetangaza uchaguzi, lakini kwa masharti machungu. Mpiga kura alitakiwa awe na elimu fulani, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au kazi ya cheo. Na tena kila mmoja sharti achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekwisha kukata shauri kuukataa uchaguzi huo. Hasira yao ilikuwa ya haki, maana Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine, nao wangepewa sehemu sawa na wachache.

Rais wa chama alikuwa Julius Nyerere, aliyepata kuwa mwalimu katika mji huo huo wa Tabora, toka mwaka 1946 mpaka 1949. Yeye aliona mambo kwa njia nyingine. TANU ikisusa, viti vyote vitakwenda kwa wapinzani wake. Tena sharti la kura tatu lina upande wa pili: mpiga kura Mwafrika atakuwa na sauti pia katika kuwachagua Mwasia na Mzungu, basi chama chaweza kuwaunga mkono wale wanaokubali shabaha yake. Ndipo ikawa kazi ya kuwaeleza watu waliokasirika. Hakuwa na askari, wala hakuwa na mshahara wa kuwanunua wajumbe. Walibishana kwa siku kadhaa, hata mwisho wengi wakakubali, na shauri lile likaja kuitwa Uamuzi wa Busara.

Wala si wote waliokubali. Zuberi Mtemvu alitoka akaunda chama chake, na alikuwa na hoja zake. Lakini waliobaki walirudi makwao wakiwa na neno ambalo kila mmoja aliweza kulieleza kijijini bila ya kumngoja rais. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na watu waliokubaliwa na TANU wakashinda. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikajitawala.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mtakapotaka kujenga shule, kuchimba lambo, au kuanzisha chama cha ushirika, jiulizeni maneno matatu. La kwanza: je, mtu wa mwisho kabisa kijijini anaweza kusema kazi hii ni ya nini? La pili: je, yule apingaye amepata nafasi ya kusema, akajibiwa kwa hoja wala si kwa matusi? La tatu: mwenye kutangulia akifa usiku huu, je, kesho majembe yatakwenda shambani?

Likikosekana jibu la neno mojawapo, msikimbilie kuwalaumu watu kwa uvivu. Iteni baraza tena, mkaelezane upya. Kuelezana huchosha, tena hula siku nyingi. Lakini kazi ambayo watu wameielewa haihitaji mnyapara.